Nishani ya EGH kwa Kipchoge: alistahili, ila hiyo tarehe ndiyo inanisumbua

Tuweke kisa mezani kwanza ndio tubishane vizuri. Jumamosi ya 12 Oktoba 2019, saa tatu na robo asubuhi kwa saa zetu, Eliud Kipchoge alianza kukimbia pale bustani ya Prater mjini Vienna, na kabla ya saa tano na robo alikuwa ashamaliza kilomita 42.195 kwa saa 1 dakika 59 sekunde 40. Eldoret watu walisimama barabarani mbele ya skrini kubwa, naibu rais wa wakati huo William Ruto alikuwa kule kule Vienna, nchi nzima ikashangilia. Siku nane baadaye, Jumapili ya 20 Oktoba, sherehe za Mashujaa zilikuwa hapa kwetu Mombasa, Mama Ngina, pale pale Lighthouse tunapokulia mihogo na pilipili jioni, na Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku nishani ya EGH.

Siku nane tu jamani. Hiyo ndiyo namba ya kuangalia kwenye hiki kisa chote, nitairudia mbele.

Kwa wasiojua ngazi zetu zinavyokaa. Juu kabisa kuna nishani ya Moyo wa Dhahabu yenye madaraja matatu, CGH ambayo ndiyo ya marais na watu wa saizi hiyo, kisha EGH, kisha MGH. Chini yake kuna ya Mkuki Uwakao, nayo ina tatu zake, CBS, EBS, MBS. Halafu OGW, halafu HSC ambayo ni pongezi ya mkuu wa nchi. Kwa hivyo EGH ni daraja la pili la nishani kubwa kuliko zote, na ukitaka kujua nani hukaa hapo we angalia tu barua yoyote ya serikali, chini ya sahihi ya waziri utaona jina lake limefuatwa na EGH. Mtu anateuliwa waziri, anafanya kazi au hafanyi, herufi tatu zinamfuata. Si kosa la mtu mmoja, ndivyo mambo yalivyozoeleka, cheo kinakuja na nishani yake kama vile kinavyokuja na gari na dereva.

Na hapo ndipo kisa cha Kipchoge kinakuwa kitamu, sababu watu waliouliza "mkimbiaji na nishani ya mawaziri wapi na wapi" waliliuliza swali kichwa chini. Mimi naona wa kuulizwa kwanza ni hao wengine. Kipchoge angalau tunajua alifanya nini, kuna saa ilikuwa inapima.

Sasa sheria. Watu wengi hubishana hii mada kama vile hakuna kitu kimeandikwa, kumbe kipo. Katiba ya 2010 ibara ya 132 inampa rais uwezo wa kutunuku nishani kwa jina la wananchi na la Jamhuri, shikeni hapo kwenye "wananchi". Halafu kuna Sheria ya Nishani za Kitaifa ya 2013, na hiyo inataja aina za watu wanaofaa: walioonyesha ushujaa, kujitolea, uzalendo au uongozi kwa faida ya nchi, waliotoa mchango wa kupigiwa mfano kwenye uchumi, sayansi, utawala, biashara, uandishi wa habari na kadhalika, na michezo imetajwa humo humo kwa jina. Mwisho kuna mlango mpana kabisa, yeyote aliyeiletea Jamhuri heshima na fahari. Kwa hivyo ile hoja ya kwamba michezo ni burudani tu na nishani za dola ni za watu wa dola haina miguu kisheria hapa Kenya. Bunge lilishaamua, labda uende ukaibadilishe.

Lakini kustahili kwa maandishi ni kitu kimoja, na kwa nini ulipewa wewe, lini, kwa kazi ipi, ni kitu kingine, na mimi hapo ndipo nina shida.

Tuangalie Vienna yenyewe bila kushangilia. Ile haikuwa mashindano. Ilikuwa mradi wa kampuni ya kemikali ya INEOS, ya tajiri Mwingereza Jim Ratcliffe, hakukuwa na mpinzani hata mmoja, kulikuwa na wakimbiaji 41 wa kumuwekea kasi wakipokezana kwa zamu, Bernard Lagat yumo, wale ndugu watatu wa Ingebrigtsen wa Norway wamo, wamejipanga kwa umbo lililochorwa na wataalamu ili wamkinge upepo, mbele yao gari la umeme linapiga mstari wa leza barabarani kuwaonyesha mahali pa kukanyaga, maji analetewa na mtu wa baiskeli, siku yenyewe ilichaguliwa kwa kusubiri hali ya hewa, na miguuni kiatu cha Nike ambacho dukani hakijafika. Shirikisho la riadha la dunia halikuitambua kama rekodi na wala hakuna aliyewadanganya kwamba litaitambua, tangu mwanzo ilijulikana.

Simshushi, msinishike shati. Kukimbia kila kilomita kwa dakika 2 na sekunde 50 mara 42 bila kuyumba, hizo leza hazikimbilii mtu. Ninachosema ni kwamba kati ya mambo yote aliyowahi kufanya Kipchoge, hili ndilo lililokuwa na mkono mkubwa zaidi wa kampuni na mkono mdogo zaidi wa Kenya. Hakuvaa jezi ya taifa pale. Na ndilo lililomletea EGH.

Afu kesho yake, yaani 13 Oktoba, Brigid Kosgei kaenda Chicago kakimbia marathoni kwa 2:14:04, kavunja rekodi ya Paula Radcliffe ya 2:15:25 iliyokuwa imekaa tangu 2003, miaka 16 hakuna mwanamke aliyeigusa. Hiyo ni rekodi, imeandikwa, imepitishwa, mbio za kweli zenye wapinzani wa kweli. Wikiendi moja, Wakenya wawili, mmoja kafanya onyesho kubwa kuliko yote kwenye historia ya riadha na mwingine kavunja rekodi halali. Ukikaa uwapime kwa kitabu, wa Chicago yuko mbele. Ukiwapima kwa kelele za mtandaoni na kwa idadi ya viongozi waliopanda ndege, Vienna ilishinda kabla mbio hazijaanza, na jina la Kipchoge ndilo lililoitawala Mashujaa ile nzima.

Hapo ndipo mtu anauliza, je, nishani inafuata kazi au inafuata mzuka wa wiki?

Maana kazi ya Kipchoge ilikuwepo siku zote. 2003 Paris, kijana wa miaka 18 kutoka Kapsisiywa kule Nandi, aliyelelewa na mama mwalimu, anawapita Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele kwenye mita 5,000 za ubingwa wa dunia. Athens 2004 shaba, Beijing 2008 fedha. 2012 hakufuzu kwenda London, na wengi wangepotelea hapo, yeye akahamia barabarani, Hamburg 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza. Rio 2016 dhahabu ya Olimpiki akiwa amevaa rangi za Kenya. Berlin 2018 rekodi ya dunia 2:01:39, halali kabisa. Kama kamati ya nishani ilikuwa inatafuta mtu aliyeiletea Jamhuri fahari, faili lilikuwa limejaa miaka kabla ya Vienna. Angetunukiwa EGH baada ya Berlin 2018 mimi nisingekuwa na la kusema hata neno.

Na miaka hiyo hiyo ya Rio tukumbuke serikali ilikuwa inafanya nini na wanariadha wake. Julius Yego, bingwa wa dunia wa mkuki, alifika uwanja wa ndege akakuta hana tiketi. Nguo za timu zilizotolewa na mdhamini zikawa kesi. 2021 mahakama ikamtia hatiani aliyekuwa waziri wa michezo Hassan Wario kwa mambo ya pesa za Rio, akapigwa faini. Sasa fikiria hapo, dola hiyo hiyo ndiyo inayoamua nani shujaa. Nenda Iten ukaulize habari za uwanja wa Kamariny, mahali walipofanyia mazoezi mabingwa wasiohesabika, ukafungwa ati unakarabatiwa, ukakaa miaka na miaka umechimbuliwa tu. Nenda Eldoret uulize uwanja wenye jina la Kip Keino nao ulichukua muda gani. Nishani haigharimu kitu, ni chuma na utepe na mwaliko wa siku moja. Ndio maana inatoka siku nane na uwanja hautoki.

Kuna jamaa atasema, basi wape pesa, nishani hazilipi karo. Pesa pia hutolewa, Juni 2023 Faith Kipyegon alivunja rekodi mbili za dunia ndani ya wiki moja, ya mita 1,500 kule Florence na ya 5,000 kule Paris, akaitwa Ikulu akapewa shilingi milioni 5 na nyingine milioni 6 za nyumba. Waganda nao 2012 Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya Olimpiki ya London mbele ya Wakenya wetu wawili, Abel Kirui na Wilson Kipsang (bado inauma hiyo), Museveni alimpa pesa na akapandishwa cheo kwenye magereza alikokuwa ameajiriwa. Mimi sina neno na zawadi. Zawadi ni ya ushindi, unashinda leo unapewa leo, hata kesho ukianguka zawadi yako ulishakula. Nishani ya juu ya nchi ni kitu tofauti, ile inasema huyu mtu, maisha yake, tunayasimamisha mbele ya watoto. Kwa hiyo haraka inayofaa kwa zawadi ndiyo hiyo hiyo inayoharibu nishani.

Niwape mfano wa upande wa pili kabisa, tuvuke mpaka. John Stephen Akhwari wa Tanzania, Mexico 1968, marathoni. Alianguka njiani, goti likaumia vibaya, wakamfunga bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishashinda zaidi ya saa nzima nyuma, kiza kimeingia, uwanja karibu mtupu, ndio Akhwari anaingia anachechemea, wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Nchi yake ikampa nishani ya ushujaa 1983. Hesabu mwenyewe, miaka 15. Na mtu hakushinda chochote!

Sisemi miaka 15 ndiyo kipimo, ni mingi mno, mtu anaweza kufa anasubiri. Ila angalia hiyo nishani ilivyosimama. Hakuna anayeuliza Akhwari alipewa kwa nini. Kila kizazi kinasimulia upya, na Beijing 2008 mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam bado alikuwa ni jina. Muda ulishachuja, kilichobaki ni tendo lenyewe, mzuka wote ulishaisha.

Sababu nyingine ya kusubiri ni ile ambayo hatupendi kuitaja, pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu. Jemima Sumgong alishinda Rio 2016, Mkenya wa kwanza mwanamke kupata dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, mwaka uliofuata akapatikana na EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, na akafungiwa. Asbel Kiprop, bingwa wa Olimpiki wa 1,500 wa 2008 na bingwa wa dunia mara tatu, naye EPO, miaka minne. Wilson Kipsang aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni alifungiwa 2020 kwa kukwepa kwepa wapimaji. Mwishoni mwa 2022 tulikuwa karibu kufungiwa nchi nzima, ikabidi serikali iahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano za kupambana na hilo janga. Kipchoge hajawahi kupatikana na chochote, hilo liwe wazi na nalisema kwa herufi kubwa. Lakini kanuni huwezi kuiandika kwa ajili ya Kipchoge peke yake, unaiandika kwa ajili ya yule atakayekuja baada yake ambaye humjui. Sheria ina mlango wa kumnyang'anya mtu nishani, sawa, ila kunyang'anya ni aibu ya taifa mara mbili, ya aliyepewa na ya aliyempa. Kusubiri hakuna aibu.

Sasa kipande ambacho nadhani wengi hawakiunganishi na hii habari ya nishani, na mimi kwangu ndicho kizito. Ile "kwa jina la wananchi". Tarehe 11 Februari 2024 Kelvin Kiptum, kijana aliyevunja rekodi ya Kipchoge kule Chicago Oktoba 2023 kwa 2:00:35, alifariki kwa ajali ya gari barabara ya Kaptagat kwenda Eldoret, yeye na kocha wake Mnyarwanda Gervais Hakizimana. Kabla hata ya maziko watu wakaanza mtandaoni kumsingizia Kipchoge ati ana mkono. Hakuna ushahidi, hakuna hata kianzio cha ushahidi, ni chuki tu. Baadaye mwenyewe aliiambia BBC kwamba alitishiwa kuchomewa kambi ya mazoezi, kuchomewa nyumba, akawa na hofu na watoto wake wakienda shule na mama yake kule kijijini. Na kwamba amepoteza karibu marafiki wote.

Huyu ni EGH jamani. Mtu ambaye miaka minne na ushee kabla, rais alisimama Mama Ngina akasema kwa niaba yetu sisi wote huyu ni wa heshima. Wapi hiyo heshima ilikuwa Februari ile? Hizo herufi tatu zilimsaidia nini? Kama nishani ni kauli ya wananchi, basi dola iliyoitoa ilikuwa na deni la kusimama kwa sauti kubwa ile ile ya Mashujaa na kusema mwacheni. Nilichosikia mimi ni minong'ono. Waliotembelea jina lake Vienna hawakuonekana kukimbilia kulitetea. Na hiyo inanifanya niamini kwamba hata 2019 hatukuwa tunamheshimu Kipchoge, tulikuwa tunajisherehekea sisi kupitia yeye, ndiyo maana alipoanza kushindwa, Boston 2023 wa sita, Tokyo 2024 wa kumi, Paris 2024 akatoka njiani, watu wakaongea kama vile amewadai.

Na ajabu ni kwamba kitu kikubwa zaidi alikifanya akiwa tayari ana nishani. Agosti 2021, Sapporo, joto na unyevu, Olimpiki ya pili. Akawaacha wenzake kwa dakika 1 na sekunde 20, kwa 2:08:38, hakuna leza hakuna gari, akawa mtu wa tatu duniani kutetea dhahabu ya marathoni baada ya Abebe Bikila na Waldemar Cierpinski. Hapo ndipo EGH ilipotakiwa kutoka kama kweli tunafuata kazi. Lakini tulikuwa tushaitoa, kwa hivyo tukapiga makofi tukaendelea na siasa zetu.

Hoja inayobaki ni ile ya daktari na mwalimu. Ati kuna muuguzi kule Turkana anafanya kazi miaka 30 hana hata HSC, mkimbiaji tajiri anapewa EGH. Naielewa, inagusa, lakini imekosea adui. Nishani za Kenya hazina idadi moja ya kugombania, Kipchoge hakuchukua sahani ya muuguzi. Anayemziba muuguzi ni ule utaratibu wa cheo kuja na nishani, orodha ikishajaa wakubwa wa ofisini inaonekana haina nafasi. Mwanariadha kwa kweli ni mfano unaomsaidia muuguzi, unaonyesha kwamba mtu asiye na ofisi anaweza kupanda mpaka daraja la pili kwa jasho lake. Ukimtoa mwanariadha hapo hajaingia muuguzi, ameingia katibu mkuu.

Kwa hivyo kwangu hukumu ya kisa hiki ni hivi. Nishani alistahili, daraja alistahili, sababu iliyotumika ilikuwa dhaifu kuliko zote alizokuwa nazo, na tarehe ilikuwa ya kisiasa. Ningekuwa kwenye ile kamati ningeweka mambo mawili tu: mwanariadha asipande daraja la Moyo wa Dhahabu mpaka iwe imepita miaka kadhaa tangu ushindi wake mkubwa wa kwanza wa kimataifa na rekodi yake ya vipimo ni safi, na kinachohesabiwa kiwe alichokifanya kwenye mashindano halali, maonyesho ya makampuni yabaki na zawadi za makampuni. Mzuka wa wiki upewe zawadi, milioni 5 na nyumba, hakuna anayelia.

Kwa kipimo hicho wengi wataanguka na wachache watapita bila kubishaniwa. Kipchoge anapita, hata ukimfutia Vienna yote. Kosgei alikuwa na rekodi halali ya dunia mkononi. Na Kipyegon, ambaye Paris 2024 alichukua dhahabu yake ya tatu mfululizo ya 1,500 kwenye Olimpiki, kitu ambacho hakuna mwanamume wala mwanamke aliyewahi kukifanya, katikati ya hizo dhahabu akiwa amezaa na kurudi uwanjani, huyo ukimleta mbele ya kamati sijui mtu ataanzia wapi kupinga.